Zamu Yako, Mama

Binti yangu alianza kuamkia watu kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Alipofika miaka mitano alikuwa akiamkia kila kilichosimama wima: wateja, majirani, mtu wa kusoma mita ya maji, na siku moja hata ile sanamu ya mbao ninayoivisha nguo dirishani. "Shikamoo," akaiambia. Akasubiri. Alipoona kimya akanigeukia kwa masikitiko: "Mama, huyu hana adabu."

Tunamwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haujui kupumzika. Mimi ni fundi cherehani. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ndicho cha kazi: kuna cherehani mbili, moja ya umeme na moja ya mkono niliyoachiwa na marehemu mama, meza ya kukatia, pazia la kujaribia nguo kwenye kona, na viti vitatu vya wageni. Mtoto wangu amekulia chini ya ile meza, akicheza na vifungo na vipande vya vitambaa, masikio yote mawili yakiwa wazi.

Adabu yake ilikuwa fahari yangu, sitaficha. Nilimfundisha usiku na mchana. Akipewa ndizi, namuuliza, "Unasemaje?" Akimkanyaga mtu, "Unasemaje?" Mgeni akiingia, aamkie, amkaribishe kiti, kisha asikae katikati ya watu wazima kudaka mazungumzo. Baba yake ni fundi wa friji, mtu wa kucheka kwanza na kuuliza baadaye. Alikuwa akinitania: "Mama Chiriku, umeme ukikatika ukarudi, huyu mtoto ataiambia taa asante."

Wateja walinisifu. "Fundi, huyu umemlea." Nami nilijibu, "Ah, tunajaribu tu," huku kichwa kimevimba hata kofia isingeingia.

Sasa nimtaje Mama Lori. Alikuwa mfanyakazi wa lori la taka la mtaa wetu, mwanamke pekee kati ya wanaume watano. Alisimama kwenye kikanyagio cha nyuma, mkono mmoja ameshika chuma, na kila walipomaliza nyumba moja alipiga ubavu wa lori makofi mawili, pa-pa, dereva akasogea. Jina alipewa na watoto wa mtaani, naye akalipokea kama mtu anavyopokea cheo. Kila baada ya miezi miwili mitatu aliniletea ovaroli yake ya kazi. Leo mfuko umechanika, kesho goti limetoboka. Ilikuwa imechakaa, lakini siku zote ilikuja imefuliwa na kukunjwa, imo ndani ya mfuko safi.

Na mimi nilimpokea mlangoni. Sikumtukana wala kumkaripia, hilo naweza kuapa. Nilichukua mfuko, nikasema "njoo keshokutwa," naye akashukuru akaenda zake. Akishakata kona ndipo mambo yalipoanza. Niliitoa ile ovaroli kwa ncha za vidole viwili, pua nimeikunja, nikaitundika kwenye msumari nje ukutani, kisha nikafungua dirisha. "Loo! Mtu wa takataka kaja, nyumba nzima inanuka." Nilikuwa nikimwambia nani? Hewa. Cherehani. Nilijiona niko peke yangu, kwa sababu mtu aliye chini ya meza akipanga vifungo sikumhesabu kuwa mtu.

Jumamosi moja asubuhi mwalimu wa chekechea wa Chiriku alikuja kujaribu gauni. Alisimama katikati ya chumba, mimi nimepiga magoti nyuma yake nikipima pindo, pini tatu nimezibana midomoni. Hodi ikapigwa. Alikuwa Mama Lori, na mfuko wake mkononi.

"Fundi, habari za asubuhi. Safari hii zipu imekufa kabisa. Na goti pia. Naomba kama ungeweza kuniwahishia, Jumatatu niingie nayo kazini."

Chiriku alichomoka chini ya meza. Nilitulia nikisubiri ile shikamoo yake ndefu, na nikamtazama mwalimu kwa pembe ya jicho, nione kama anaona.

Mtoto hakuamkia. Alimkagua mgeni kuanzia viatu hadi kilemba, akabana pua kwa vidole viwili. Kisha akasema, na sisemi kwa sauti inayofanana na yangu, nasema kwa sauti yangu yenyewe, pamoja na ile loo ya kuvuta: "Loo! Mama, fungua dirisha. Mtu wa takataka kaja."

Kabla sijazitema zile pini, alikwisha kuupokonya mfuko, ameitoa ovaroli kwa ncha za vidole, amekimbia nayo nje. Tulimwona kupitia mlangoni akirukaruka kuutafuta msumari. Hakuufikia. Ovaroli ikaanguka vumbini.

Nilitamani ardhi ipasuke nizame. Mwalimu aliyaangalia mapambo ya gauni lake kana kwamba yameandikwa kitu. Mama Lori ndiye aliyepata neno kwanza. Alicheka kicheko kifupi.

"Mtoto huyo, fundi. Hana kosa."

Akatoka, akaiokota ovaroli, akaikung'uta, akaikunja vizuri kama ilivyokuja. "Nitapita siku nyingine," akasema, bila hasira. Mimi nilisimama na mdomo wazi, mwanamke ninayeweza kupatana bei na mtu tangu asubuhi hadi adhuhuri, na sikupata hata "subiri." Akaenda.

Mwalimu alivua gauni, akasema atalifuata jioni. Alipotoka nikamgeukia mwanangu.

"Nani kakufundisha maneno yale?" Nilimshika mkono kwa nguvu kuliko nilivyokusudia. "Nani?"

Alinitazama kama mtu aliyengoja zawadi akaletewa fimbo. "Si wewe?"

"Mimi!"

"Yule akija unafanya hivi." Akanionyesha vidole viwili. "Halafu unafungua dirisha. Halafu unasema loo. Leo ulikuwa na mwalimu, ulikuwa na kazi. Nimekusaidia." Midomo ikaanza kumcheza. "Nimekosea wapi, mama? Ni kwa sababu sikuufikia msumari?"

Mkono wangu wa kulia ulikuwa umekwisha kupanda juu ili kumchapa. Ukabaki huko, haujui pa kwenda. Mwishowe niliutumia kujifuta jasho la usoni.

Mchana mume wangu alinikuta nimekaa, cherehani zote mbili kimya. Si kawaida. Nikamsimulia yote, nikingoja acheke, maana huyo hucheka hata msibani akisahau. Hakucheka. Alinawa mikono, akakaa.

"Mtoto umleavyo..." akaanza.

"Usiniletee methali leo, tafadhali."

"Sijaileta. Imekuja kwa miguu yake." Kisha akainama kwa Chiriku, aliyekuwa amejikunyata mlangoni, akamwambia, "Njoo ule, mama. Hakuna aliyekukasirikia." Kwangu hakuongeza hata nusu neno. Nimeolewa naye miaka tisa, na katika yote aliyonitendea, kwa kule kunyamaza mbele ya mtoto namshukuru hadi leo. Angeweza kunikata maini. Alinipa tu nafasi ya kufikiri.

Jumapili nzima nilimfundisha Chiriku kuomba radhi. Nilimweleza kwamba yale maneno yanaumiza. Akaniuliza yanaumiza wapi, nikamwambia moyoni, akaniuliza kama moyo una kidonda cha damu au cha kuvimba. Tulifika mahali pazuri. Alisimama mbele yangu, mikono nyuma, akarudia: "Shikamoo mama. Naomba unisamehe kwa maneno mabaya niliyosema. Sitarudia tena." Alikuwa hodari. Jioni aliweza kuyasema bila kukosea hata herufi, na mimi nikalala nikijiambia kwamba shauri limekwisha. Mtoto kakosa, mtoto ataomba radhi. Ndivyo watoto wanavyofunzwa.

Jumatatu tulisimama getini tangu mapema. Lori lilipofika, kikanyagio cha nyuma hakikuwa na mtu. Nikamuuliza dereva.

"Mama Lori? Yuko yadi ya malori," akasema. "Zipu ya ovaroli imemkatikia. Msimamizi hataki mtu apande na nguo inayopepea, itakuja kunaswa na ule mtambo wa kushindilia taka. Kwa hiyo anafagia na kuosha mapipa mpaka apate nguo nzima."

"Hakuishona?" niliuliza, kama mwizi anayeuliza habari za wizi.

"Tulimwambia. Akasema fundi wake wiki hii ana kazi nyingi, tusimsumbue."

Lori likaondoka. Nilibaki nimeshika ndoo ya taka. Mwanamke yule alikuwa ameshushwa kazini kwake kwa sababu yangu, na bado alinisitiri mbele ya wenzake. Kazi nyingi! Nilikuwa na mashuka mawili tu ya kupinda.

Niliingia ndani nikatafuta zipu ndefu ya chuma, ile imara kuliko zote, na kipande cha turubai laini cha kiraka. Mume wangu alikuwa akiwasha pikipiki aende kazini. Alipoona naibeba ile cherehani ya mkono hakuuliza kitu. Aliifunga kwa kamba nyuma ya kiti, palipokuwa na sanduku lake la vyombo, akatutangulia nayo hadi yadi, akaiacha kwa mlinzi, akarudi kufuata sanduku. Mimi na Chiriku tulitembea. Njia nzima alikuwa akikariri shairi lake kwa sauti ndogo.

Yadi ilikuwa uwanja mpana wenye ukuta wa mabati. Mapipa yamepangwa yamefunikwa midomo chini, maji ya sabuni yanachuruzika mferejini. Na harufu ilikuwepo, siwezi kusema haikuwepo. Mama Lori alikuwa upande wa mbali, amevaa koti la mvua la mwanaume lililomfika magotini, anasugua pipa kwa brashi yenye mpini mrefu. Alipotuona akaacha.

Chiriku alisonga mbele peke yake. Hakukosea neno. Alipofika kwenye "sitarudia tena" akapiga goti kidogo, kitu ambacho sikumfundisha.

"Marahaba, mwanangu," akasema Mama Lori. Akajifuta mikono kwenye koti, akamshika kichwa. "Yamekwisha. Nimekusamehe siku ile ile."

Nilishusha pumzi. Nilikuwa tayari kusema, "Basi lete hiyo ovaroli nikushonee," na kuendelea na maisha. Ndipo Chiriku alipogeuka akanitazama, akiwa amechangamka kabisa, kama mtu aliyemaliza mchezo wa kuruka kamba.

"Haya. Zamu yako, mama."

Hakukuwa na ubaya wowote katika sauti ile. Alidhani tumekuja wawili kwa kazi moja. Kwani si mimi niliyeyasema maneno yale kwanza?

Nilijaribu kutabasamu. Nikamtazama Mama Lori, nikamwona anasubiri. Hakunisaidia, na alikuwa na haki. Nilikuwa nimemtungia mtoto sentensi tatu nzuri, yangu sikuwa nayo hata moja.

"Dada," nikasema. "Yale maneno ni yangu. Mtoto kayatoa kwangu. Kila ukiondoka... Nimekuwa nikiyasema muda mrefu. Nisamehe."

Aliilaza brashi chini. Maji yalidondoka kutoka kwenye pipa.

"La mtoto halikuniuma," akasema mwishowe. "La mtoto ni la mtoto. Lakini nilijua mtoto hatungi. Nikajua basi kila nikigeuka mgongo ndivyo ninavyosemwa. Mimi, fundi, siji kwako nikitoka kazini. Nakuja siku ya mapumziko. Naoga mara mbili. Ovaroli naifua, naianika, naipiga pasi. Kuipiga pasi nguo ya kubebea taka, umewahi kuona? Nikawa najisemea, labda safari hii atanikaribisha kiti."

Nina viti vitatu. Vimekaliwa na watu wa kila namna, hata mtu mmoja aliyekuja kuuliza njia tu. Nilipekua kichwa changu chote nikitafuta siku moja niliyomwambia mwanamke huyu "karibu ukae," sikuipata. Machozi yakaja. Sikuyazuia, kwa sababu kumshusha mtu kazini kwake halafu umfiche hata machozi ni jeuri nyingine.

Mama Lori aliniacha nilie kidogo, si sana. Kisha akaondoka, akarudi na kreti la plastiki, akalisuuza, akalikausha kwa kitambaa, akaweka juu yake kipande cha boksi.

"Karibu kiti," akasema.

Nikakaa. Mlinzi alituletea cherehani, tukaiweka juu ya pipa lililopinduliwa, na nikaanza kufumua ile zipu mbovu. Yeye alishika upande mmoja wa kitambaa kisiteleze. Pua yangu ilikuwa karibu kabisa na ovaroli ile kwa mara ya kwanza. Ilinuka sabuni ya kufulia.

Chiriku alizungukazunguka, kisha akamrudia Mama Lori na swali. Nililiona likija, na sikuwa na jinsi ya kulizuia.

"Mama, hizi takataka zote ni zako?"

"Hapana, mwanangu," akasema Mama Lori. "Ni zenu."

Tulicheka. Mimi nilicheka hadi uzi ukanitoka tunduni. Mtoto alitafakari jambo hilo kwa uzito. "Hata yale maganda ya ndizi?"

"Yale hasa."

"Lakini yananuka."

"Yananuka kweli. Pua yako haijakosa." Akamvuta karibu. "Ila sikiliza nikuambie. Pua ikisikia jambo, si lazima imwambie mdomo. Mdomo ni mbea."

Chiriku alifunika mdomo wake kwa mikono yote miwili, akaubana hivyo mpaka niliposhona goti lote la kulia. Sijawahi kumwona amekaa kimya muda mrefu namna ile. Mimi miaka mitano yote nilimwambia sema hivi, sema vile. Mwenzangu kwa maneno mawili alimfundisha kwamba kuna wakati adabu ni kutosema.

Nilipomaliza, Mama Lori alivaa, akaivuta zipu juu chini mara tatu. Msimamizi alitokeza ofisini, akamtazama, akatikisa kichwa kukubali. Lori la zamu ya mchana lilikuwa linawashwa. Akapanda kwenye kikanyagio chake, akapiga ubavu wa lori pa-pa, na alipopita mbele yetu akatupungia mkono kama malkia anayetoka kukagua gwaride.

Nisiseme kwamba tangu siku ile nimekuwa malaika. Ulimi uliozoea hauachi kwa siku moja. Lakini nilibadili kitu kimoja: niliacha kumuuliza mwanangu anasemaje, nikaanza kusema mwenyewe. Mgeni akiingia, namwamkia mimi kwanza, kwa sauti ya kusikika. Mume wangu akiniletea maji, namwambia asante. Mara ya kwanza alishtuka akaniuliza kama ninaumwa. Mtoto akinieleza kitu nami nikamkatiza, nasema, "Samahani, maliza." Ni kazi ngumu kuliko kupinda hariri. Na Chiriku hajawa malaika pia. Wiki iliyofuata alimwambia mteja mmoja mnene kwamba pua yake imeona jambo lakini mdomo hautasema. Nilikaa naye chini tukaanza upya.

Mama Lori alirudi baada ya miezi miwili, na mfuko wa ovaroli. Nilimfuata mlangoni, nikampeleka kwenye kiti kilicho karibu na dirisha, chenye upepo, nikaagiza chai. Alikunywa vikombe viwili, akatueleza habari za watoto wake, wa kwanza anasomea uuguzi. Siku hizi huja hata kama hakuna kilichochanika. Amemfundisha binti yangu kupiga mluzi kwa vidole, jambo ambalo baba mtu analalamikia kila asubuhi, kwa furaha.

Watu wakinisifu sasa kwa malezi, nawaambia ukweli: huyu mtoto tumemlea wengi, na mimi mwenyewe nililelewa hapo hapo. Namshukuru mwanamke aliyekuwa na kila sababu ya kunifungia mlango akanipa kreti la kukalia. Namshukuru mume wangu kwa chakula kile cha mchana. Na majuzi, nikiwa nakata sare za shule, kwa kuwa shule zinakaribia kufunguliwa na meza imejaa, nilimwita Chiriku.

"Asante, mwanangu," nikamwambia.

"Ya nini?"

Nikafikiria namna ya kumweleza. "Kwa ile siku tuliyokwenda yadi. Ulinikumbusha jambo."

Alingoja aone kama kuna zaidi. "Haya, mama," akasema, kwa upole, kama mtu mzima anayempokea mtoto neno lake. Kisha akaomba ruhusa ya kwenda kucheza nje, nikampa, nikarudi kwenye mkasi na sare zangu.